Historia na Sayansi Nyumbani: Vitabu Vipi kwa Vijana Waliomaliza Darasa la Saba?

*"Mwalimu, shikamoo. Nina watoto wawili, binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 13, wote wamemaliza darasa la saba katika shule za Kiswahili. Mume wangu anafanya kazi kwenye miradi ya barabara, hivyo tumehama Manyoni, tukaenda Mpwapwa, na sasa tuko Dodoma mjini. Binti alianza kidato cha kwanza katika shule mbili tofauti, akakata tamaa. Bweni hatulitaki, kwa hiyo tumeamua kuwafundisha nyumbani. Familia moja ya kigeni iliyokuwa ikirudi kwao imetuachia maboksi mawili ya vitabu vya Kimarekani. Historia yake ni ya dunia nzima, inazungushwa kwa miaka minne. Sayansi ni baiolojia tupu mwaka wa kwanza, kemia mwaka wa pili, fizikia mwaka wa tatu. Ni vitabu vizuri mno, ila Tanzania haifiki hata kurasa mbili. Je, nivitumie hivyo au nifuate vitabu vya Taasisi ya Elimu? Ninaweza kuwafundisha wote wawili pamoja? Na sayansi bila maabara, si kujidanganya? Hisabati ya binti ni dhaifu."*

Marahaba, mama. Umeuliza kuhusu vitabu, lakini ninavyokusoma, linalokunyima usingizi ni jambo jingine: kwamba baada ya miaka minne ya kujitoa, watoto wako watakuwa wamesoma kweli na bado hawana cheti kinachotambulika. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo inayopaswa kutangulia, kwa sababu mtaala wa kijana wa umri huu huchaguliwa kwa kuangalia kwanza mtihani atakaoufanya mwishoni. Kwa mtoto wa miaka minane ningekuambia usome naye chochote kinachomfurahisha. Kwa binti wa miaka 15 siwezi kukuambia hivyo.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asiyevaa sare ya shule hana njia ya kufika kwenye mtihani wa taifa. Si kweli. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa watahiniwa wa kujitegemea. Kijana ambaye hakupita katika mfumo rasmi wa sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao watu wengi wanaujua kwa jina la QT na ambao hupima kiwango cha kidato cha pili; akifaulu, anaweza kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo jina lake huwafanya wazazi waipite bila kugonga mlango, huendesha masomo ya sekondari kwa njia huria na masafa na huwahudumia pia vijana walio nje ya shule.

Kuhusu sheria, nikuambie wazi ili usije ukashtukizwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi, na wajibu huo umeutimiza. Hata hivyo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima ifikie miaka 10, yaani miaka sita ya msingi pamoja na minne ya sekondari, na mabadiliko hayo yanatekelezwa kwa awamu. Kwa mvulana wa miaka 13 hili si jambo la kupuuza. Mwone afisa elimu sekondari wa jiji, mweleze hali ya kazi ya baba na uhamaji wenu, na uulize watoto wako wanaangukia upande gani. Ni heri ukaenda wewe kwake kabla hajakufuata yeye.

Sasa tuje kwenye maboksi yako. Nchini Marekani, katika majimbo mengi, mzazi anayefundisha nyumbani anaweza mwenyewe kumtolea mtoto wake cheti cha kuhitimu sekondari, na vitabu ulivyoachiwa vimejengwa juu ya uhuru huo. Ndiyo maana havina haraka, havina mtihani wa nje, na vinaweza kutumia miezi kadhaa kwa Wagiriki wa kale. Hapa kwetu mzazi hana mamlaka hayo. Ukivifuata tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, watoto watapata elimu nzuri ambayo hakuna chuo cha Tanzania kitakachojua pa kuipokelea.

Kosa ambalo wazazi wengi hufanya baada ya kulitambua hili ni kufanya uamuzi mmoja kwa masomo yote: ama wote tufuate vitabu vya nje, ama maboksi yarudi stoo. Historia na sayansi hazijengwi kwa namna moja, na hazipaswi kuchaguliwa kwa kipimo kimoja.

Historia haina ngazi ya lazima. Kijana anaweza kusoma Vita Kuu ya Kwanza kabla ya kusoma Misri ya kale na asidhurike. Kinachopaswa kukua kadiri anavyopanda umri ni namna ya kusoma: mtoto mdogo husikiliza kisa, lakini kijana huanza kuuliza nani anasema, alijuaje, alikuwa na maslahi gani, na mbona mwingine anasema tofauti. Kwa hiyo katika historia una uhuru mkubwa, na hapo vitabu vya maboksi vinaweza kukufaa sana, mradi visiwe uti wa mgongo. Uti wa mgongo uwe muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa somo la Historia na kwa Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni somo la lazima katika mtaala ulioboreshwa wa 2023 na hufundishwa kwa Kiswahili. Vitabu vya kiada unaweza kuvisoma bila malipo katika maktaba mtandao ya Taasisi hiyo. Tahadhari moja: mtaala huo umekuwa ukianza kutumika kwa awamu tangu 2024, kwa hiyo ukinunua vitabu vilivyotumika kwa wauza vitabu wa barabarani, hakikisha kwanza watoto wako watatahiniwa kwa muhtasari upi. Kitabu cha bei nafuu cha muhtasari uliopitwa na wakati ni gharama mara mbili.

Umelalamika kwamba Tanzania haifiki kurasa mbili katika vitabu vile. Ninyi mnaishi mahali ambapo pengo hilo linazibika vizuri kuliko sehemu nyingi. Chukua sura ya Vita Kuu ya Kwanza kama ilivyo kwenye kitabu cha Kimarekani, yenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Watoto wakishaisoma, waambie kwamba vita hiyohiyo ilifika Kondoa mwezi Aprili 1916 na Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, ikaikuta huko reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua wapagazi, ng'ombe na nafaka za Wagogo, mvua nazo zikakosekana, na matokeo yake ni njaa kuu iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Sasa watafute mzee Mvumi, Bahi au Kongwa ambaye alisikia habari za Mtunya kutoka kwa bibi yake, waandike anayosema, kisha walinganishe na kitabu. Hapo wamefanya kazi halisi ya mwanahistoria, na wameelewa somo la vyanzo vya historia ambalo wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hulikariri tu: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia na kadhalika. Mkipata nafasi ya kufika Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, nendeni. Kongwa nako kuna historia ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia waliopokelewa kambini hapo tangu miaka ya 1960.

Hata hivyo, mtoto aliyezoea historia ya masimulizi matamu huweza kuanguka mtihani akiwa anajua mengi. Maswali ya insha ya mtihani wa taifa hutaka hoja zilizohesabiwa: eleza sababu sita, fafanua athari tano. Binti anayejua kusimulia vizuri atajaza kurasa tatu zenye hoja mbili. Kwa hiyo kila baada ya mada, mbali na mazungumzo na usomaji, aandike insha moja ya aina hiyo kwa kupimiwa muda, kwa Kiingereza pale ambapo somo hutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa watoto waliotoka shule za Kiswahili, mzigo wa lugha ni mkubwa kuliko mzigo wa somo lenyewe. Jadilini mada kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha wasome kwa Kiingereza, kisha waandike. Ukigeuza mpangilio huo, watakariri sentensi wasizozielewa, na kosa litajitokeza baadaye sana.

Sayansi ni ngazi. Ukiruka kipandio, mguu unakwenda hewani. Mtoto hawezi kuelewa mol katika kemia, yaani kizio cha kuhesabia chembe ndogo, kama uwiano wa hisabati haujakaa; hawezi kufanya hesabu ya densiti kama hawezi kugeuza fomula ili kupata ujazo pale alipopewa tungamo; na usanisinuru katika baiolojia utabaki kuwa wimbo kama hajui kabonidayoksaidi ni nini. Ndiyo sababu ninaichukulia sentensi yako ya mwisho, kwamba hisabati ya binti ni dhaifu, kuwa nzito kuliko swali zima la vitabu. Hakuna kitabu cha fizikia, cha Marekani wala cha Tanzania, kitakachofanya kazi juu ya msingi huo. Ningekushauri muhula wa kwanza uwe wa hisabati (sehemu, desimali, uwiano, kubadili vizio, kugeuza fomula rahisi), baiolojia, na kemia kidogo ya utangulizi. Fizikia isubiri. Miezi mitatu au minne iliyotumika hapo si miezi iliyopotea.

Mpangilio wa baiolojia mwaka mmoja, kemia mwaka mwingine, una faida yake na sitaki kuubeza. Mtoto huzama katika somo moja, mzazi huandaa somo moja, vurugu hupungua. Lakini sekondari zetu huendesha masomo hayo matatu sambamba kwa miaka minne, na mitihani inafuata mwendo huo. Binti akifika kwenye Mtihani wa Maarifa baada ya miaka miwili ya mpangilio wa Kimarekani, atakuwa na baiolojia iliyoanza kusahaulika, kemia iliyo moto, na fizikia sifuri. Ubongo huhifadhi kile unachorudishiwa mara kwa mara, na somo lililofungwa mwaka mzima hulegea. Njia ya kati inayofaa kwa mzazi mmoja mwenye watoto wawili ni, baada ya muhula huo wa kwanza, kuwa na somo linaloongoza kila muhula, lenye vipindi vingi, huku mengine mawili yakipata kipindi kimoja kimoja kwa wiki ili yasipoe. Vitabu vya maboksi vitumike kama vitabu vya ziada, maana michoro na maelezo yake mara nyingi ni bora kuliko tulivyonavyo.

Jambo moja uliangalie humo. Baadhi ya vitabu vya sayansi vya ufundishaji wa nyumbani kutoka Marekani vimeandikwa kwa mtazamo wa kidini kuhusu umri wa dunia na chanzo cha viumbe. Imani ya familia yenu ni yenu, na mimi si wa kuingia hapo. Lakini mtihani wetu huuliza nadharia ya mageuzi katika baiolojia na chimbuko la binadamu katika historia, katika nchi ambayo fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai mwaka 1959. Mtoto lazima aweze kuieleza nadharia kama wanasayansi wanavyoieleza, hata kama mezani kwenu mnazungumza zaidi ya hapo.

Kuhusu maabara, umesema kweli nusu. Sehemu kubwa ya sayansi ya kidato cha kwanza na cha pili hufanyika jikoni na uani, tena kwa usahihi. Loweka rozela kavu katika maji ya moto, chuja, na utapata kitambuzi cha asidi na besi: ukidondoshea ndimu hubaki nyekundu, ukitia magadi hubadilika kuelekea buluu na kijani. Nunua iodini duka la dawa, idondoshee ugali wa mtama, muhogo, yai na nyanya, na watoto wataona wenyewe wanga ulipo kwa rangi ya bluu-nyeusi. Kitabu kitawaambia maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Wakipima hapa Dodoma mjini, ambapo tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kipimajoto kitasimama kwenye nyuzi 96 hivi, na swali la kwa nini litawafundisha kanieneo ya hewa kuliko ufafanuzi wowote. (Kipimajoto kiwe cha maabara. Kile cha homa kitapasuka.) Wakiweka kopo lenye kuta zilizonyooka uani na kupima mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, watakuwa na takwimu zao wenyewe za kuchorea grafu. Grafu hiyo ndiyo itakayowaeleza kwa nini mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulimeza mamilioni ya pauni na kushindwa: mvua isiyotabirika, vichaka na mibuyu iliyovunja mashine, na udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi hukauka ukazikamata karanga ardhini. Hapo huhitaji kuamua kama kipindi ni cha historia au cha sayansi.

Nusu ya pili ya ukweli ni kwamba mtihani wa vitendo wa kidato cha nne haufanyiki jikoni. Kemia hutaka titresheni, yaani kupima asidi na besi kwa vyombo vya bureti na pipeti, na uchambuzi wa chumvi. Fizikia hutaka pendulumu, springi, lenzi na saketi. Baiolojia hutaka majaribio ya vyakula kwa vitendanishi ambavyo vingi havipatikani dukani. Mikono lazima izoee vifaa hivyo kabla ya siku ya mtihani. Tafuta shule binafsi yenye maabara, zungumza na mkuu wa shule, na ulipie vipindi vya Jumamosi au vya likizo kuanzia kiwango cha kidato cha tatu. Shule nyingi hukubali kama mwombaji anakuja mapema na kwa adabu, na hukataa kama anakuja Septemba, mtihani ukiwa karibu. Wala usijaribu kuziba pengo hilo kwa maji ya betri ya gari, kama wazazi wengine walivyojaribu. Hiyo ni asidi ya salfuriki, na jicho halina spea.

Mtu anaweza kukushauri mtihani wa kimataifa wa Cambridge, IGCSE, kwa hoja kwamba sayansi zake zina karatasi mbadala ya vitendo inayojibiwa mezani bila kuingia maabara. Hoja hiyo ni kweli. Lakini ada hulipwa kwa kila somo na kwa viwango vya fedha za kigeni, mtahiniwa lazima apate kituo kinachokubali watu wa nje, na baadaye cheti kipelekwe Baraza la Mitihani kulinganishwa. Kama mnatarajia kuhamia nje ya nchi, lifikirie. Kama baba ataendelea na barabara za Singida na Dodoma, sioni sababu ya kuingia gharama hiyo, hasa kwa watoto ambao bado wanajenga Kiingereza chao.

Kufundisha pamoja kunawezekana katika historia bila shida. Mada iwe moja, kazi ziwe tofauti: mvulana aandike aya na mstari wa wakati, binti aandike insha inayolinganisha vyanzo viwili. Baiolojia nayo inakubali. Katika kemia na fizikia, wape wote wawili karatasi moja ya hisabati ya darasa la saba bila kuwaambia sababu. Ikiwa wamelingana, wafundishe pamoja, lakini linda heshima ya dada: yeye ndiye aongoze jaribio, na mdogo aandike vipimo. Binti wa miaka 15 aliyekwisha kukata tamaa mara mbili hawezi kuvumilia kushindwa na mdogo wake kila asubuhi. Ikiwa mvulana amemzidi, watenganishe vipindi hivyo viwili, hata kama ratiba itakuumiza.

Pia ongea na binti anataka kuwa nani. Vyuo vya afya huangalia kemia, baiolojia na fizikia. Akitaka unesi, zote tatu ni lazima zibebwe hadi mwisho. Akielekea biashara, sheria au ualimu wa lugha, hakuna haja ya kumburuta kwenye fizikia kwa miaka minne kwa sababu ya sifa tu.

Msaada wa ana kwa ana unauhitaji sehemu tatu. Nenda ofisi ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hapa Dodoma ukiwa na matokeo yao ya darasa la saba, uulize kama mvulana wa miaka 13 anapokelewa, muhtasari upi unatumika kwa mtihani watakaoufanya, usajili hufunguliwa lini, na vituo gani vinapokea watahiniwa wa kujitegemea wa sayansi, maana si kila kituo kina maabara. Mwalimu wa tuisheni wa kemia na fizikia mtafute mara tu watakapovuka kiwango cha kidato cha pili, hata kama baiolojia na historia utaendelea nazo mwenyewe. Na kabla ya hayo yote, mpeleke binti akapimwe macho. Mtoto anayenakili 6 ikawa 8, au anayeumwa kichwa kila akifungua daftari la hisabati, wakati mwingine anahitaji miwani kabla ya kuhitaji mwalimu. Akionekana macho ni mazima na bado, baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kila siku, hawezi kabisa kushika uwiano na sehemu, mtafute mwalimu wa elimu maalumu amtathmini, kupitia ofisi hiyohiyo ya afisa elimu.